Cheni mpya juu ya friwili iliyolika ni hela ya kutupa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme jambo linalowagharimu wengi wenye baiskeli za milimani za zamani, zile za tairi inchi 26, sproketi (duara za meno zinazoshika cheni) tatu mbele na saba nyuma, ambazo nyingi zimeingia nchini kama mitumba. Fremu zake ni imara na bado zina miaka mingi ya kazi. Kinachochoka ni mfumo unaozungusha gurudumu: cheni, friwili (fungu la sproketi za nyuma), sproketi za mbele, direla (kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni) na waya wake. Mwenye baiskeli akiona cheni inaruka mlimani, anakwenda dukani, anauziwa cheni mpya, anaifunga jioni ileile, na kesho yake inaruka kuliko jana. Anarudi dukani na ugomvi. Muuzaji anasema cheni ni nzima, na kweli ni nzima. Kosa liko kwenye meno ambayo hakuna aliyeyatazama.

Pingili moja ya cheni, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini inayofuata, ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hicho ni kimoja kwenye baiskeli karibu zote, iwe ya gia moja ya kubebea mkaa au ya mashindano. Watu husema cheni imevutika, lakini vibati vyake vya pembeni havivutiki. Vumbi linaingia kwenye pini, linachanganyika na oili, linakuwa kama msasa, na pini inalika pamoja na tundu inamozunguka. Kila pini ikilika zaidi kidogo tu ya sehemu ya kumi ya milimita, cheni ya pingili 116 inarefuka kwa karibu sentimita moja na nusu. Cheni iliyorefuka haikai tena kwenye shina la jino. Inapanda kuelekea nchani, na huko inalisugua jino mpaka linafuata urefu wake mpya. Baada ya muda cheni mbovu na friwili mbovu zimezoeana, ndiyo maana baiskeli bado inatembea. Ukiweka cheni mpya yenye kipimo sahihi, pingili zake hazilingani na mashimo yaliyotanuka kati ya meno. Jino moja tu ndilo linalobeba mzigo wote, na ukikanyaga kwa nguvu cheni inalipanda na kuteleza.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua futi ya chuma ya seremala. Ya fundi cherehani usiitumie, maana ile ya kitambaa nayo hurefuka. Cheni ikiwa bado kwenye baiskeli, kanyaga pedeli kidogo ikaze. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24, soma katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya inasoma inchi 12 kamili, ambazo ni milimita 304.8. Ikisoma inchi 12 na moja ya kumi na sita, milimita 306.4, badilisha cheni peke yake leo, kabla haijala friwili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, milimita 308, usinunue cheni bila friwili. Na sproketi ya mbele unayoitumia kila siku, mara nyingi ile ya kati, nayo itazamwe.

Meno yenyewe yanasema. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana, na bonde kati ya jino na jino ni la duara, rola ya cheni, kile kipipa kinachozunguka juu ya pini, inakaa mle kama gololi kwenye kikombe. Jino lililolika limeinamia upande mmoja kama pezi la papa, na bonde lake limekuwa refu upande ule ambao cheni inavuta. Pitisha ukucha: upande unaosukumwa na cheni utakuta ukingo mkali wa chuma kilichofinyangwa. Sproketi ndogo za nyuma ndizo zinazotangulia kuisha, ya meno 14 na ya 16, kwa sababu meno machache yanagawana mzigo na kila jino linapata zamu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo usikague ile kubwa ya ndani ukaridhika. Hiyo huwa inang'aa mpaka mwisho.

Hapo ndipo swali la kuboresha linapoanzia. Ikiwa lazima cheni na friwili zinunuliwe kwa pamoja, kuna sababu gani ya kurudisha zilezile? Wengi hapa hukimbilia idadi. Wanataka gia 27 au 30, au wameona baiskeli mpya zenye sproketi moja mbele na kumi na mbili nyuma, wanataka hiyo. Sisi tunasema tazama kwanza gia nyepesi kabisa na gia nzito kabisa, maana kati ya hizo gia 21 nyingi ni zilezile kwa jina jingine. Chukua baiskeli ya kawaida ya miaka ya 1990: mbele 42, 34 na 24, nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Ukiweka 42 mbele na 28 nyuma, gurudumu linazunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukiweka 24 mbele na 16 nyuma, ni mara moja na nusu vilevile. Hizo zinahesabiwa gia mbili, na mguu hauoni tofauti yoyote.

Tairi la inchi 26 lenye upana wa inchi 2 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.07. Gia nyepesi kabisa ya baiskeli hiyo, 24 kwa 28, inakusogeza mita 1.77 kwa kila mzunguko wa pedeli. Nzito kabisa, 42 kwa 14, mita 6.2. Sasa ondoa friwili hiyo, weka ya gia saba yenye meno 14 hadi 34, ile ambayo kwa kampuni ya Shimano ina hatua za 14, 16, 18, 20, 22, 24 halafu inaruka hadi 34. Gia nyepesi inashuka mpaka mita 1.46. Ni nafuu ya zaidi ya asilimia 17 ya nguvu kwenye mpando, na gia nzito imebaki palepale. Shifta za zamani (vibadilishio vya gia kwenye usukani) zinabaki, gurudumu linabaki, krenki (mikono inayoshika pedeli na sproketi za mbele) inabaki. Linganisha na mtu aliyeweka sproketi moja ya meno 32 mbele na kaseti (aina nyingine ya fungu la meno ya nyuma, tutaieleza hapa chini) ya gia tisa yenye 11 hadi 36 nyuma: nyepesi yake ni mita 1.84, nzito mita 6.02. Amenunua gurudumu, kaseti, shifta, direla na sproketi ya mbele, na mlimani baiskeli yake imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Anayepandisha viazi au maziwa kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto ataijua tofauti hiyo kabla hajamaliza kona za mwanzo.

Hatusemi sproketi moja mbele ni mbaya. Kwa anayekaa mahali pa tambarare ni nafuu kubwa: shifta moja, waya mmoja, hakuna direla ya mbele ya kusuguana na cheni. Na ukiweka kaseti yenye meno 42, gia nyepesi inakuwa mita 1.58, ambayo ni nzuri. Lakini mwenye keria na mzigo asidanganywe na mtindo.

Kabla ya kununua chochote cha nyuma, jua gurudumu lako ni la aina gani, maana friwili na kaseti ni vitu viwili tofauti ingawa kwa macho vinafanana. Friwili ni kipande kimoja, meno na kucha za kukamatia zikiwa pamoja, na inafungwa kwa nyuzi moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kaseti ni meno matupu yanayovalishwa kwenye mwili wenye mifereji, na kucha zimo ndani ya mwili huo ambao ni sehemu ya habu. Shimano, kampuni iliyoanza mwaka 1921 mjini Sakai, Japani, kwa kutengeneza friwili, ndiyo iliyoleta mwili huo wa habu mwaka 1978. Toa gurudumu, tazama katikati ya meno mahali funguo inapoingia, kisha zungusha meno kinyumenyume. Ile sehemu yenye mifereji ya funguo ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Ikibaki imetulia, ni friwili.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya ekseli. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia ziko ndani kabisa, chini ya shingo ya habu, na friwili nzima inakaa nje yake. Zaidi ya sentimita tatu za ekseli, kutoka kwenye gololi hadi kwenye fremu, hazina kitu cha kuzishikilia. Ekseli yenyewe ni chuma cha milimita 10. Beba magunia mawili ya mkaa, ingia shimoni, na ndipo inapopinda. Toa gurudumu uzungushe ekseli kwa vidole huku ukitazama ncha yake: ikichora kiduara angani badala ya kuzunguka mahali pamoja, imepinda. Ekseli iliyopinda inakula koni (vipande vinavyobana gololi kwenye ekseli) na gololi, na haitengenezeki kwa nyundo. Kwenye habu ya kaseti gololi za kulia zimesogezwa nje hadi karibu na fremu, ndiyo maana ekseli zake hazipindi ovyo. Kwa hiyo mtu wa mizigo akiuliza aweke fedha wapi, jibu letu ni gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti na ekseli nzima ya nati, kabla ya kitu kingine chochote. Ile ekseli yenye tundu katikati ya kupitishia kishikio cha kufungua haraka iachwe kwa wasiobeba mzigo.

Ukibadilisha gurudumu, pima nafasi ya ndani kati ya masikio mawili ya fremu ya nyuma, pale ekseli inapoingia. Baiskeli nyingi za milimani za miaka ya 1990 ni milimita 135. Za mwishoni mwa miaka ya 1980 utakuta 130. Fremu ya chuma hukubali kutanuliwa milimita 5, kwa utaratibu, ukiangalia isiende upande mmoja. Fremu ya alumini usiitanue, itapasuka. Sumaku itakujulisha ipi ni ipi. Halafu mwili wa kaseti wa gia 7 ni mfupi kuliko ule wa gia 8, 9 na 10. Kaseti ya gia 7 ukiivalisha kwenye mwili mrefu lazima utangulize washa nene ya milimita 4.5, vinginevyo haitakaza kamwe.

Kutoa friwili ni kazi inayoharibu magurudumu mengi bila sababu. Mafundi wengi wanatumia patasi na nyundo, mifereji ya funguo inasagika, na baada ya hapo hata mwenye kifaa sahihi hawezi tena. Funguo ya friwili za Shimano na zinazofuata mtindo wake ina mifereji 12. Toa nati ya ekseli ya kulia, ingiza funguo mpaka ikae chini kabisa, rudisha nati juu yake uibane kidogo ili funguo isiruke. Bana funguo kwenye jiliwa, shika gurudumu kama usukani wa lori, ukizungusha kinyume cha saa. Kama huna jiliwa, spana malaya kubwa yenye bomba la nusu mita itafanya kazi. Ikishaachia tu, simama, legeza nati, kisha endelea. Ukiendelea huku nati imebana utavunja ekseli au kuharibu nyuzi zake. Friwili mpya ipakwe grisi kwenye nyuzi na ianzwe kwa mkono, mizunguko mitatu ya mwanzo bila kulazimisha, kwa sababu shingo ya habu ya alumini inaharibika mara moja friwili ikiingia upande. Haihitaji kukazwa kwa nguvu. Pedeli zenyewe zitaikaza. Hiyo pia ndiyo sababu ya grisi: bila hiyo, mwakani haitoki.

Friwili ya meno 34 inadai direla inayoifikia. Hapa watu wanaumia. Direla nyingi za bei ndogo za zamani mwisho wake ni meno 28. Ukizilazimisha, kigurudumu cha juu kinagonga meno na kunguruma, au cheni inakwama ukiwa umeweka kubwa mbele na kubwa nyuma, na direla inang'oka pamoja na sikio la fremu. Hesabu yake ni rahisi. Toa sproketi ndogo ya mbele kutoka kwenye kubwa ya mbele: 42 kutoa 24 ni 18. Fanya hivyo nyuma: 34 kutoa 14 ni 20. Jumlisha, 38. Tafuta direla ya kizimba kirefu (ule mkono wa vigurudumu viwili unaokaza cheni) inayoweza kula angalau meno 38 ya ziada na kufika 34. Vipimo hivyo viwili hutolewa na mtengenezaji kwa kila direla, kwa hiyo mtake muuzaji aseme namba ya direla, asikwambie tu "hii inaingia kila baiskeli".

Kuhusu kuoanisha direla na shifta: direla za milimani za Shimano za enzi za gia 6, 7, 8 na 9 zinavuta kwa uwiano mmoja, yaani waya ukivutwa kiasi kilekile zinasogea kiasi kilekile, kwa hiyo direla ya gia 9 inafanya kazi vizuri kabisa na shifta ya gia 7. Idadi ya hatua iko kwenye shifta, direla haihesabu. Lakini Shimano walipofika gia 10 za milimani walibadilisha uwiano, na direla hizo hazisikilizani na shifta za zamani. Shifta za SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, zile za uwiano wa 1:1, haziendi na direla ya Shimano. Na mfumo mpya wa Shimano uitwao CUES, hata ule wa gia 9, una nafasi zake kati ya meno. Usiuchanganye na vya zamani kwa sababu tu namba 9 zimefanana. Ukiona mtu ana gia zinazokubali juu na kukataa chini haidhuru afanye nini, mara nyingi ni ndoa ya aina hii.

Cheni ya gia 6, 7 na 8 ni moja, upana wa nje karibu milimita 7. Ya gia 9 ni kama milimita 6.6, ya gia 10 karibu 6. Cheni ya baiskeli ya gia moja ni pana ndani na nje. Itakubali kuvaa, lakini itasugua sproketi ya jirani na haitahama vizuri. Urefu upimwe bila kupitisha kwenye direla: zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, ivute mpaka ncha zikutane, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kata hapo. Usilinganishe na cheni ya zamani, kwanza imerefuka, pili friwili imebadilika. Fungia kwa pingili maalum ya kufungia au pini mpya. Pini uliyoisukuma nje usiirudishe kwenye cheni za kisasa: vichwa vyake vimepondwa kiwandani, ukiisukuma nje vinakatika, na pini iliyorudishwa ndiyo inayochomoka siku umesimama kwenye pedeli mlimani.

Mbele kuna mtego mmoja. Krenki nyingi za bei ndogo zimegongewa sproketi zake kwa ripiti, hazina bolti, kwa hiyo meno yakiisha unanunua krenki nzima. Zenye bolti zina vipimo vyao: bolti nne za duara la milimita 104 na dogo la 64, au bolti tano za 110 na 74, au 94 na 58. Pima kabla ya kuagiza. Kutoa krenki ya shimo la mraba kunahitaji kivutio cha nyuzi za milimita 22. Kiingize kwa mkono mpaka mwisho ndipo ukaze ile bolti ya kati. Kikiingia nusu kitatoka na nyuzi za krenki. Wakati wa kufunga, kaza sana, na urudie baada ya safari ya kwanza. Krenki ikicheza hata kwa siku chache shimo la mraba linatanuka, na hakuna kibati cha kopo la soda kitakachoirudisha. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedeli kina nyuzi za kinyume, kinatoka kwa kuzungusha kama saa. Na pedeli ya kushoto vilevile ina nyuzi za kinyume. Fremu ngapi zimeharibiwa na nguvu za kuelekea upande usio sahihi!

Sasa waya, kitu kidogo kinacholaumiwa kidogo kuliko kinavyostahili. Tangu Shimano walipoleta gia za kubofya kwa hatua mwaka 1984, gia zinategemea milimita mbili au tatu za waya kwa kila hatua. Waya wa gia ni wa milimita 1.2 na kava yake ni ya milimita 4, yenye nyaya nyembamba zilizonyooka kwa urefu wake. Kava ya breki ni ya milimita 5 na ndani ina chuma kilichojiviringisha kama springi. Ukiweka kava ya breki kwenye gia, kila ukikata kona au kuvuta, springi ile inajibana kidogo, na kidogo hicho ndicho gia yako. Utazungusha skrubu za direla mpaka usiku. Kata kava kwa ncha iliyonyooka, isawazishe kwa tupa, fungua tundu la plastiki kwa msumari, weka kofia ya mwisho. Kile kipande cha nyuma kinachoingia kwenye direla kikatwe kirefu cha kutosha kufanya upinde mpana. Kikibanwa, waya unakwama na gia hairudi kwenye sproketi ndogo.

Kurekebisha, anza na sikio la direla: simama nyuma ya baiskeli, vigurudumu viwili vya direla viwe mstari mmoja na sproketi. Sikio lililopinda linyooshwe kwanza, maana hakuna skrubu inayofidia. Legeza waya. Skrubu iliyoandikwa H iweke kigurudumu cha juu chini ya ukingo wa nje wa sproketi ndogo. Sukuma direla kwa mkono hadi sproketi kubwa, na skrubu iliyoandikwa L iizuie ikome hapo hasa. Ikipita, direla inaingia kwenye spoku na huo ndio mwisho wa gurudumu. Funga waya ukiwa umevutwa kwa mkono tu. Cheni ikisita kupanda kwenda sproketi kubwa, fungua kirekebishi cha waya robo mzunguko kuelekea nje. Ikisita kushuka, robo mzunguko kuelekea ndani. Mwisho skrubu ya tatu, ile ya nyuma ya direla inayogusa sikio: ukiwa kwenye meno 34, kigurudumu cha juu kiwe mbali na meno kama milimita 5 au 6. Mruko wa kutoka 24 hadi 34 utakuwa na kishindo. Punguza nguvu mguuni unapobofya, kisha endelea.

Oili. Ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki au lori ina unga wa chuma ndani yake, na ndiyo inayoua cheni nyingi mapema. Tumia oili safi ya injini, tone moja kwa kila rola, zungusha pedeli kinyume, ngoja dakika kumi, kisha futa nje yote kwa kitambaa mpaka cheni isichafue kidole. Kazi nzima haimalizi kijiko kimoja cha chakula. Inayobaki nje haifanyi kazi yoyote ila kukamata vumbi. Cheni chafu ioshwe kwa mswaki na mafuta ya taa, ikauke kabisa ndipo ipakwe. Kwenye chumvi ya pwani fanya hivyo kila wiki. Mashine za presha za kuoshea magari zisielekezwe kwenye habu wala friwili. Zinafukuza grisi na kuacha maji na mchanga mahali pake.

Tuna ombi kwa wenye maduka. Friwili zinatolewa kwenye boksi na kutundikwa kwa kamba, kwa hiyo mteja hajui kama ni ya 28 au 34, wala kama inafuata mtindo gani wa funguo. Andikeni kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: idadi ya gia, meno ya ndogo, meno ya kubwa. Cheni iandikwe ni ya gia ngapi. Direla ziachwe na karatasi zake. Na waagizaji wanaoleta friwili kwa makontena walete na funguo zake. Duka moja likiwa na funguo moja kaunta, ikaazimwa kwa dhamana ya kitambulisho, patasi itarudi kwa seremala.

Mafundi baiskeli,
Mombo, Tanga